Pawa saplai ya kuanodaizi vipande vidogo nyumbani: ujenge ipi?

Ukishaamua kuanodaizi vipande vya alumini nyumbani, yaani kuvikuzia utando wa oksidi kwa kuvipitishia umeme ndani ya asidi, asidi na rangi hupatikana upesi kuliko jibu la swali moja: umeme utautoa wapi? Mmoja atakuambia saplai ya kompyuta ya zamani inatosha. Mwingine ataapa kwa transfoma yake nzito yenye daraja la diodi. Wa tatu ana saplai ya mezani yenye tarakimu nyekundu na anashangaa kwa nini watu wanajisumbua. Wote watatu wana vipande vizuri vya kukuonyesha, na hapo ndipo uchaguzi unapokuwa mgumu.

Nimetumia njia zote nne ninazozieleza hapa, na tatu kati yake nimezijenga kwa mikono yangu. Wengi wetu huanza mahali pasipofaa. Tunauliza saplai inaweza kutoa ampea ngapi, kabla ya kuuliza kipande kinahitaji ngapi na ni nini kitazizuia zisizidi.

Anza na kipande, si na saplai

Chukua mshikio wa droo wa alumini, wa mviringo, kipenyo sentimita 2 na urefu sentimita 5. Ubavu wake una sentimita za mraba 31 na kidogo, ncha mbili zinaongeza 6. Jumla ni karibu 38, yaani desimita ya mraba 0.38. Kuanodaizi alumini kwa asidi ya salfuriki kwa kawaida huenda kwa ampea 1 hadi 1.5 kwa kila desimita ya mraba. Mshikio huu basi unataka ampea 0.4 hadi 0.6. Hazizidi hapo.

Bamba la sentimita 10 kwa 10, ukihesabu pande zote mbili, ni desimita za mraba 2, nalo litataka ampea 2 hadi 3. Ukiona mtu anatafuta saplai ya ampea 40 kwa ajili ya vishikio vya droo, mwombe kwanza achukue rula.

Muda nao unahesabika. Kila maikroni moja (sehemu ya elfu ya milimita) ya utando wa oksidi hugharimu takriban ampea-dakika 3 kwa desimita ya mraba. Ukienda kwa ampea 1 kwa desimita, maikroni 10 zitachukua kama nusu saa. Ukienda kwa nusu ampea, saa nzima. Ndiyo maana anayedhibiti ampea anajua utando wake una unene gani kabla hajautoa kwenye asidi, na asiyezidhibiti anabahatisha.

Titaniamu ni habari nyingine kabisa. Huko rangi haitoki kwenye dawa ya kupaka bali kwenye unene wa utando wenyewe unavyochezea mwanga, na unene huo unaamuliwa na volti. Ampea huanza juu kidogo, kisha hushuka zenyewe utando unapokomaa. Kwa hiyo mwenye alumini anatafuta saplai inayoshika ampea, mwenye titaniamu anatafuta inayofika volti za juu. Ukizichanganya haja hizi mbili utanunua kitu kisichokufaa.

Nitakavyozipima

Nimeziweka zote nne kwenye mizani ileile. Kwanza, volti na ampea: alumini huhitaji kati ya volti 12 na 20 kwa kazi ya kawaida, na saplai isiyofika 18 inakufunga mikono. Pili, udhibiti: je, inashika ampea ulizoipangia, au ni wewe utakayekaa ukiichunga? Tatu, usalama, na hapa namaanisha hasa kutenganishwa na umeme wa ukutani, pamoja na kinachotokea klipu mbili zikigusana. Mwisho, kazi ya kuijenga na kuitunza.

Kigezo cha pili nakipa uzito kuliko vingine, na sababu yake ni kipande kimoja. Siku za mwanzo niliwahi kutundika kishikio kwenye asidi kwa waya wa alumini niliousokota vizuri, au ndivyo nilivyodhani. Saplai yangu haikuwa na mita ya ampea. Nusu saa baadaye nikakitoa, nikakisuuza, nikakitia kwenye rangi nyeusi. Kilitoka kijivu cha kuparara, na rangi ikafutika kwa kidole. Waya ulikuwa umelegea dakika chache tu baada ya kuanza. Utando haukukua tena, na hakuna kitu chochote pale mezani kilichoniambia. Tangu siku ile sijawasha saplai yoyote bila mita ya ampea mbele ya macho yangu, hata kama ni maltimita ya mkononi iliyounganishwa njiani.

1. Transfoma na daraja la diodi

Hii ndiyo saplai ya mafundi wa zamani. Transfoma inashusha umeme wa ukutani, daraja la diodi linaugeuza kuwa DC, yaani mkondo wa upande mmoja, kapasita kubwa inalainisha mawimbi. Ukitaka kupandisha volti polepole, unaweka variaki, yaani transfoma ya kuzungusha kwa mkono, kabla ya transfoma kuu.

*Volti na ampea.* Hapa kuna mtego unaowakamata wengi. Transfoma imeandikwa volti 18, wewe ukapima DC ukakuta 24. Haijaharibika. Volti 18 za AC, yaani umeme wa kwenda na kurudi kama wa ukutani, zina kilele cha karibu 25.5, daraja linakula kama 1.4, kapasita inashika kinachobaki. Ukiitoa kapasita, wastani unashuka hadi karibu 15. Kwa hiyo amua mapema kama utaiweka kapasita kabla hujachagua transfoma.

Je, kapasita ni ya lazima? Kwa alumini hapana. Utando unakua vizuri tu kwa DC yenye mawimbi. Kwa titaniamu jihadhari: maltimita yako kwenye DC inaonyesha wastani, lakini utando unafuata kilele. Utasoma volti 20 na kupata rangi ya volti 30, kisha utashangaa kwa nini jedwali la rangi halisemi kweli.

Ukiweka kapasita, usiibebeshe transfoma ampea zake zote. Transfoma iliyoandikwa ampea 10 za AC itatoa kama 6 za DC bila kuchemka, kwa sababu kapasita hujazwa kwa mapigo mafupi makali. Daraja nalo hutoa joto: kwa ampea 5 ni wati 7 hadi 10, kwa hiyo lifunge kwa skrubu kwenye bamba la alumini la kupoozea.

*Udhibiti.* Variaki inadhibiti volti, haidhibiti ampea. Unapanda taratibu, unaitazama mita, unasimama ulipohitaji, na baada ya dakika chache unarudi kurekebisha. Inafanya kazi, lakini huwezi kwenda kuoga.

Kuna ujanja wa bei ndogo ninaoupenda sana: balbu ya lori ya volti 24, wati 21, ile ya nyuzi, ukiiunganisha mfululizo na beseni la asidi. Ukiwa na chanzo cha volti 24 hivi na beseni likashika 15, balbu inabaki na 9, na kwa volti hizo inapitisha karibu nusu ampea. Ndizo ampea za ule mshikio wa droo. Nyuzi yake ikipata joto ukinzani unapanda, kwa hiyo inasawazisha mkondo yenyewe. Klipu zikigusana, balbu inawaka kwa nguvu yake yote na hakuna kinachoungua. Waya ukilegea ndani ya asidi, inazimika, nawe unaona ukiwa upande wa pili wa chumba. Ukitaka ampea zaidi, ongeza balbu ya pili sambamba na ya kwanza.

*Usalama.* Transfoma yenye nyuzi mbili zilizotengana inakutenga na umeme wa ukutani. Variaki peke yake haikutengi. Variaki ina uzi mmoja tu, na hata ukiizungusha hadi ikasoma volti 15, ncha moja ya beseni lako inaweza kuwa imeshikana moja kwa moja na waya wa moto wa ukutani. Mchoro wowote unaoonyesha variaki, daraja la diodi na beseni bila transfoma katikati, uache. Nasema hivi kwa sababu bado inachorwa na kusambazwa, hasa kwa watu wa titaniamu.

Weka fyuzi upande wa ukutani na nyingine upande wa beseni, na kasha la chuma liunganishwe na waya wa ardhi. Kuna wanaotoa transfoma kwenye maikrowevu na kuisuka upya. Transfoma hiyo ikiwa haijafunguliwa hutoa volti kama 2,000, na kapasita iliyo jirani yake inaweza kubaki na chaji hata baada ya plagi kuchomolewa. Huyo si mnyama wa kuanzia.

*Kazi ya kuijenga.* Ni siku moja au mbili za kutoboa kasha, kulehemu na kufunga. Ni nzito na haina urembo. Lakini kila sehemu inaonekana, na ikiharibika utaigundua kwa maltimita na kuibadilisha. Chaja ya zamani ya betri ya gari, ile isiyo na akili, ni ndugu yake aliyekwishajengwa: transfoma na diodi ndani ya boksi. Chaja za kisasa hazifai, kwa sababu nyingi hukataa kutoa umeme zisipohisi betri.

*Inamfaa* mtu anayependa kuelewa kila waya, au aliye na transfoma nzuri tayari kwenye rafu.

2. Saplai ya kompyuta

*Volti na ampea.* Waya wa njano ni volti 12, mwekundu 5, wa chungwa 3.3, mweusi hasi. Unaiwasha kwa kuunganisha waya wa kijani na mweusi. Ampea ni nyingi kupita mahitaji yako. Kinachokosekana ni volti. Kwa 12 utando unakua, lakini polepole, na kasi yake inaamuliwa na ukali wa asidi, joto lake na aina ya aloi (mchanganyiko wa metali) badala ya kuamuliwa na wewe. Kipande cha aloi kama 6063 kitakukubalia. Kipande cha kumimina chenye silikoni nyingi kitakugomea.

*Udhibiti.* Hakuna. Volti ni zilezile, na ampea zinajipanga zenyewe: mwanzo zinaruka juu, kisha zinashuka sekunde chache baadaye. Mruko huo ukiwa mkubwa, kinga ya ndani inazima saplai, na lazima uizime na kuiwasha tena. Ujanja wa balbu haufanyi kazi vizuri hapa, maana balbu inakula volti ambazo tangu mwanzo hazikutosha. Njia inayobaki ni kuzamisha kipande polepole na kupima ampea. Ukipima na kuandika kila baada ya dakika 5, bado unaweza kukadiria unene wa utando.

*Usalama.* Kwa upande wa shoti ni nzuri: inajizima. Kwa upande wa ndani si ya kuchezea. Kapasita zake kuu kwenye umeme wa volti 230 hubeba takriban volti 325. Fanya kazi yako yote kwenye nyaya zinazotoka nje, usifungue boksi.

Wapo wanaotaka kuunganisha saplai mbili mfululizo wapate 24. Hasi ya kila moja imefungwa kwenye waya wa ardhi, kwa hiyo ukiziunganisha unatengeneza shoti kupitia ardhi. Suluhisho linalozagaa ni kukata waya wa ardhi wa moja. Tafadhali usifanye hivyo. Waya ule upo ili kasha la chuma likiguswa na waya wa moto, fyuzi ikatike badala ya wewe kushikwa na umeme. Tena wewe uko pale na glavu zenye maji ya asidi.

*Kazi ya kuijenga.* Saa moja. Kusanya nyaya nne au tano za njano pamoja na nyeusi idadi ileile ili mzigo usiulemee waya mmoja. Baadhi ya zile za zamani hazitulii bila mzigo kwenye volti 5. Rezista ya ohmu 10, wati 10, kati ya nyekundu na nyeusi inazituliza.

*Inamfaa* anayetaka kujua kama kazi hii anaipenda kabla ya kuitolea gharama, na mwenye vipande vichache ambavyo havina haja ya kufanana rangi. Nimeona kazi safi zikitoka kwenye saplai hizi, kwa hiyo sizidharau. Lakini ukitaka vishikio kumi na viwili vya droo moja vifanane weusi, zitakutesa.

3. Saplai ya taa za LED pamoja na bodi ya kudhibiti

Hii ndiyo njia inayojengwa na wengi siku hizi. Unachukua saplai ya boksi la matundu, ya volti 24 au 36, ile inayowasha taa za LED, na mbele yake unafunga bodi ndogo ya kushusha volti yenye skrubu mbili za kurekebisha: moja ya volti, nyingine ya ampea.

*Volti na ampea.* Saplai ya volti 24 inatosha alumini. Ampea zilizoandikwa kwenye bodi zichukue kama mwisho wake, si kazi yake ya kila siku: bodi iliyoandikwa 10 iendeshe kwa 5 au 6, na uiwekee feni. Kwa titaniamu unabadilisha bodi tu, unaweka ya kupandisha volti, na zipo zinazofika 60, 80 hata zaidi.

*Udhibiti.* Hapa ndipo inapopata sifa yake. Unaipangia ampea 0.45, unawasha, nayo inashikilia 0.45. Volti zinapanda zenyewe dakika ya kwanza, kisha zinatulia. Weka kikomo cha volti karibu 20. Volti zikiruka ghafla hadi kikomoni na ampea zikianguka, ujue waya umelegea kwenye kipande. Kwa hiyo mita mbili zinazosoma pamoja, volti na ampea, si pambo. Ndizo zinazokuambia kinachotokea ndani ya maji usiyoweza kuyaona.

*Usalama.* Saplai yenyewe inakutenga na umeme wa ukutani, lakini skrubu zake za umeme wa ukutani ziko wazi, na kifuniko chake cha plastiki hufunguka kwa kidole. Ifunge ndani ya kasha, na waya wa ukutani uingie kwa kizuizi usivutike. Matundu ya kasha yasielekee beseni: mvuke wa asidi unakula shaba ya bodi ndani ya miezi.

Jambo moja dogo limeua udhibiti wa watu wengi, nami nikiwa mmoja wao. Bodi nyingi za aina hii hupimia ampea kwenye waya wa hasi, kati ya hasi ya kuingilia na hasi ya kutokea. Ukiziunganisha hasi hizo mbili mahali popote, labda kwa sababu mita yako ya bei ndogo ilitaka hasi ya pamoja, umekiruka kipimo. Bodi haioni mkondo, kwa hiyo haiuzuii. Mita inawaka, kila kitu kinaonekana kizima, na kikomo cha ampea hakipo. Nilihangaika nalo jioni nzima kabla ya kufuata waya mmoja mmoja kwa kalamu nyekundu. Ipe mita umeme wake wa pembeni, au chagua bodi yenye mita zake ndani.

*Kazi ya kuijenga.* Mwisho wa juma mmoja. Ukitaka iwe nzuri, zitoe zile skrubu ndogo kwenye bodi na uweke potenshomita (virekebishi vya kuzungusha kwa mkono) za mizunguko kumi kwenye uso wa kasha.

*Inamfaa* anayefanya kazi hii mara kwa mara, ana mkono wa kulehemu, na anataka chombo kimoja cha alumini leo na titaniamu mwezi ujao.

4. Saplai ya mezani iliyo tayari

*Volti na ampea.* Ya kawaida ni volti 0 hadi 30, ampea 5 au 10. Kwa alumini ndogo imezidi inachotakiwa.

*Udhibiti.* Unazungusha, unasoma, imekwisha. Hushika ampea na volti zote mbili, na hubadilika yenyewe kutoka kushika moja hadi nyingine.

*Usalama.* Hustahimili shoti na imetenganishwa na ukutani. Adui wake mkubwa ni mvuke: iweke mbali na beseni, nyaya ziwe ndefu kidogo na nene. Nyingi zina ncha zisizofungwa kwenye ardhi, kwa hiyo mbili zinaweza kuunganishwa mfululizo kufika 60, mradi mwongozo wake unaruhusu.

*Kazi ya kuijenga.* Hakuna, na kwa wengine hilo ni kasoro. Ikifa, si rahisi kuifufua.

*Inamfaa* mtu ambaye furaha yake iko kwenye vipande na rangi, si kwenye saketi, na mwenye kazi nyingine za umeme zitakazoitumia.

Mwenye titaniamu

Ukitazama jedwali la rangi utaona kwa nini volti 30 hazitoshi. Shaba-shaba hutokea chini ya 20, buluu nzito karibu na 30, njano huja kati ya 50 na 60, waridi karibu na 70, na kijani husubiri hadi 90 kwenda 100. Nyekundu halisi haipatikani. Ukishapanda huwezi kurudi chini: kipande cha rangi ya volti 60 ukikirudisha kwenye 30 hakitabadilika. Kwa hiyo panda polepole, ukikitazama.

Kwa pete na vipande vya sentimita chache za mraba, betri za volti 9 zilizochomekana mfululizo ni saplai halali kabisa. Kumi zinakupa zaidi ya 90, hazina uhusiano wowote na ukutani, na unaweza kuchomoa umeme katikati ya mnyororo kupata 27, 36 au 54. Hasara yake ni kwamba unaruka hatua kwa hatua, na rangi iliyo kati ya hatua mbili huipati. Na volti 90 za betri bado ni volti 90. Zaidi ya 60 za DC, na mikono ikiwa imelowa, shika kwa mkono mmoja, vaa glavu kavu za mpira, usiguse kipande kikiwa kwenye umeme.

Kwa zote nne

Kipande kiende kwenye chanya, na kathodi, yaani bamba la pili ndani ya beseni, la metali ya risasi au alumini, kwenye hasi. Waya wa kutundikia uwe wa alumini au titaniamu, kwa sababu shaba itayeyuka kwenye asidi na kuichafua. Zima saplai kabla ya kushika klipu. Cheche na hidrojeni havikai pamoja. Hidrojeni yenyewe si nyingi, ampea 2 kwa nusu saa hazifiki nusu lita, lakini fungua madirisha, maana viputo hurusha ukungu wa asidi. Asidi imiminwe ndani ya maji, kamwe maji yasimiminwe ndani ya asidi.

Na angalia joto. Volti 15 kwa ampea 2 ni wati 30. Kwa nusu saa, katika beseni la lita 4, huo umeme pekee unapandisha joto kama nyuzi 3. Ukianza kwenye 20 uko salama. Ukianza kwenye 24, utando utatoka laini na wa vumbi, nawe utailaumu saplai bure. Chupa za maji yaliyogandishwa, zikielea ndani ya beseni, zinatosha.

Ukikitoa kipande na kukikausha, kiguse kwa ncha mbili za maltimita kwenye mlio wa mwendelezo, bila kukwaruza. Utando ni kihami: kikinyamaza, umepata.

Kwa hali yako

Unajaribu kwa mara ya kwanza, una kompyuta iliyokufa na kipande kimoja au viwili: tumia saplai yake, weka maltimita njiani, andika ampea. Usinunue kitu bado.

Unataka seti ya vipande vinavyofanana na hujui kulehemu: ya mezani, ampea 5. Ukijua kulehemu na unataka kuokoa gharama, jenga ya LED na bodi, na uzifuate hasi zile mbili kwa kalamu kabla ya kuwasha.

Una transfoma ya volti 18 au 20 tayari: usiitupe. Daraja, kapasita, fyuzi na balbu mbili za lori vitakupa saplai itakayoshika mkondo karibu kama bodi, na itadumu kuliko bodi.

Umeme wako hukatika katikati ya kazi: saplai yoyote ile, andika dakika na ampea kwenye karatasi kadiri unavyokwenda. Kipande kisitoke kwenye mpangilio wake. Kiache kwenye waya uleule bila kukisogeza. Umeme ukichelewa zaidi ya dakika chache, kitoe pamoja na waya wake na ukisuuze, maana asidi huanza kuula utando umeme usipokuwepo. Ukirudi, endelea pale hesabu ilipokatikia.

Ni pete za titaniamu tu, mara moja kwa mwezi: betri za volti 9. Ni titaniamu kila wiki: bodi ya kupandisha volti, yenye kikomo cha ampea kisichozidi 1, na swichi kubwa unayoifikia bila kuinama juu ya beseni.